MLINZI ALIYEACHA MNARA NA KADHI WA MÁLAGA
Khutba ya Ijumaa: mazingatio ya msafiri katika miji ya pwani ya Andalusi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ili waja wake wapate kuitembea, na akaitiisha bahari ili merikebu zipite juu yake kwa amri yake. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msamaha wa madhambi yetu, na tunajilinda kwake na shari ya nafsi zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri; kwani hakuna akiba iliyo bora kuliko uchaji.

Ndugu Waislamu, katika sura nyingi za Qur'ani Tukufu, ikiwamo Aali Imran, Al-An'am na Ar-Rum, Mola wetu anatuhimiza tutembee katika ardhi kisha tuangalie namna ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Amri hii ina viungo viwili: kutembea na kuangalia. Watu wa zama zetu wanatembea sana kuliko watu wa zama zote zilizopita. Mtu hupanda ndege asubuhi akala chakula cha usiku katika bara jingine. Lakini kiungo cha pili, cha kuangalia kwa moyo, wengi wanakiacha uwanjani pamoja na mizigo iliyozidi uzito. Mtu hurudi na picha na nguo mpya, na ukimwuliza umezingatia nini, hana la kujibu.

Leo basi, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, nataka tuifuate safari moja katika pwani ya kusini ya Hispania, nchi iliyoitwa na wazee wetu Andalusi. Tutaifuata kwa mazingatio, wala hatukusudii kulia juu ya magofu wala kujisifu kwa makaburi ya mababu.

Msafiri anayefika pwani ile leo huanzia Tarifa, mji mdogo uliopo pale bahari inapokuwa nyembamba baina ya Afrika na Ulaya, upana wake kiasi cha kilomita 14. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama juu ya ukuta wa ngome huiona milima ya Moroko kwa macho yake. Jina la mji huu limebaki kuwa kumbukumbu ya Tarif bin Malik, aliyevuka hapo mwaka 710 na jeshi dogo la kupeleleza. Mwaka uliofuata, 711, sawa na mwaka 92 wa Hijria, akavuka Tariq bin Ziyad, na lile jabali aliloshukia likaitwa Jabal Tariq, ambalo Wazungu kwa kulikata jina wamelifanya Gibraltar.

Msafiri akishika njia ya mashariki hupita Algeciras, nalo ni jina la Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani; kisha Marbella, kisha Málaga. Mbele zaidi hufika Almuñécar, uliokuwa ukiitwa Al-Munakkab, ambapo mwaka 755 alishuka kijana Abdurrahman bin Muawiya, mjukuu wa Khalifa Hisham, aliyekimbia Sham baada ya jamaa zake wa Bani Umayya kuuawa, akamwona ndugu yake akikamatwa na kuuawa katika kingo za mto Furati. Alishuka mkimbizi asiye na kitu, na mwaka uliofuata alikuwa amiri wa Kordoba. Leo watu wa Almuñécar wamemsimamishia sanamu kando ya bahari. Mwisho wa njia ni Almería, na ngome yake kubwa iliyojengwa kwa amri ya Abdurrahman wa Tatu mwaka 955.

Katika njia hiyo yote masikio ya Mswahili husikia maneno anayoyajua. Mhispania akitaka sukari husema azúcar, ambalo ni lile lile sukari tulilolipokea sisi kutoka kwa Waarabu. Mafuta ya zeituni kwake ni aceite, kutokana na zayt. Hata anapotamani jambo liwe husema ojalá, na wajuzi wa lugha wanasema asili yake ni kumtaja Mwenyezi Mungu na mapenzi yake. Ulimi umehifadhi kile ambacho kalamu za wafalme zilikifuta.

Ndugu Waislamu, si sisi wa kwanza kuitembea njia hii. Karne saba kasoro kidogo zilizopita aliipita mtu ambaye sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna haki ya kumwita mgeni wetu, naye ni Ibn Battuta, mtu wa Tanja. Mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, akawaona watu wake wakila ndizi na samaki, wakishika madhehebu ya Shafii, na misikiti yao ya mbao imejengwa madhubuti. Kisha akafika Kilwa, akauona mji mzuri na Sultani wake, Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Baada ya kuzunguka Bara Hindi na nchi za mbali zaidi, alirudi kwao, na mwaka 1350 akavuka kwenda Andalusi. Wakati huo Waislamu walikuwa wamebakiwa na ufalme mdogo wa Granada na ukanda wa pwani yake. Algeciras ulikuwa umekwisha kuchukuliwa mwaka 1344, na Mfalme Alfonso wa Castilla alikuwa amelizingira Jabal Tariq mpaka akafa kwa tauni katika kambi yake, Machi 1350.

Sikilizeni sasa kisa alichokisimulia mwenyewe katika kitabu cha safari zake.

Alipofika Marbella alikuta kundi la wapanda farasi wanakwenda Málaga, akataka kufuatana nao. Mwenyezi Mungu akamchelewesha. Wale wakatangulia, naye akafuata nyuma. Alipoingia katika wilaya ya Suhail, ambapo leo ndipo Fuengirola, alimwona farasi amekufa katika mtaro. Akaenda mbele kidogo, akaona kapu la samaki limetupwa chini. Moyo wake ukaingia shaka. Lakini mbele yake palikuwa na mnara wa mlinzi, akajiambia kwamba lau kungekuwa na adui, mlinzi angekwisha kupiga ukelele. Basi akaendelea na njia yake kwa kuutegemea mnara ule.

Punde akasikia sauti za watu nyuma yake. Aliporudi kwa wenzake alimkuta pamoja nao mkuu wa ngome ya Suhail, akawapa habari. Merikebu nne za adui zilikuwa zimefika ufukweni, na baadhi ya watu wake wakashuka nchi kavu. Wale wapanda farasi waliotoka Marbella walikuwa kumi na wawili. Mmoja ameuawa, mmoja ameponyoka, na kumi wamechukuliwa mateka. Na pamoja nao ameuawa mvuvi, naye ndiye mwenye lile kapu la samaki.

Na mlinzi je? Mlinzi hakuwemo mnarani.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tusimame hapa. Mnara ulikuwapo, na mawe yake madhubuti. Jina la ulinzi lilikuwapo, na yamkini mshahara wa mlinzi ulikuwapo pia. Msafiri aliutazama mnara akatulia, kwa kudhani kwamba ndani yake yumo mtu. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu kuwapo mahali pake kwa saa moja. Kwa saa hiyo moja mvuvi hakurudi kwake na samaki wake, na majumba kumi ya Marbella yakangoja watu wasiorudi. Kitabu hakikutuhifadhia jina la mlinzi yule wala sababu ya kuondoka kwake. Labda aliona njaa, labda alichoka, labda alisema kwamba jana hakuja adui na juzi hakuja, kwa nini aje leo?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba ni mlinzi wa nyumba yake. Mama ni mlinzi. Mwalimu ni mlinzi wa darasa, mganga ni mlinzi wa wodi, karani ni mlinzi wa daftari la watu, imamu ni mlinzi wa msikiti wake. Watu wanapita chini ya minara yetu wakiwa wametulia, kwa sababu wanadhani tumo. Mtoto hulala akidhani baba yake anajua rafiki zake ni nani. Mzee hupeleka hati ya shamba lake ofisini akidhani karani ataiweka mahali pa salama. Je, tumo? Au mnara uko pale, na sisi tumeshuka zamani tukaenda zetu sokoni?

Kisa hakikuishia hapo. Ibn Battuta alilala usiku ule katika ngome ya Suhail kwa mkuu yule, naye akamsindikiza mpaka Málaga. Aliuona mji mkubwa mzuri, wenye zabibu na tini na lozi na komamanga, na vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu vinavyopelekwa nchi za mbali. Aliuona msikiti mkuu wenye uwa mpana uliopandwa michungwa. Na ndani ya msikiti huo alimkuta kadhi wa mji, Abu Abdillah, wa ukoo wa Tanjali, amekaa pamoja na wanavyuoni na wakubwa wa mji, wanachangisha mali. Ya nini mali hiyo? Ya kuwakomboa wale mateka kumi. Ibn Battuta akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemwokoa asiwe mmoja wao, akamhadithia kadhi yaliyompata njiani, naye kadhi akastaajabu, kisha akamkirimu mgeni wake.

Tazameni uzito wa jambo hili. Waliokamatwa walikuwa watu wa njiani, na safari yao ilitokea Marbella. Kadhi angeweza kusema kwamba jambo hilo ni la watu wa Marbella, au la mkuu wa ngome, au la mlinzi aliyezembea, basi na alipe yeye! Hakungojea uchunguzi uishe. Alikwenda akakaa msikitini, mahali ambapo kila mtu atapita, akaanza kukusanya. Kumtafuta mwenye makosa kuna wakati wake, lakini aliyefungwa hangojei. Na Mtume wetu (S.A.W.) alitutaka tumlishe mwenye njaa, tumzuru mgonjwa, na tumfungue aliye mateka.

Lakini, ndugu zangu, mji ule ule ulipata kuona siku nyingine. Mwaka 1487, miaka 137 baada ya kisa hiki, majeshi ya Ferdinand na Isabel yaliizingira Málaga kwa zaidi ya miezi mitatu. Watu wakala farasi na punda. Na ufalme wa Granada wakati huo ulikuwa umepasuka mapande mawili, mtu na baba yake mdogo wanagombania kiti: Abu Abdillah, anayeitwa na Wazungu Boabdil, na ami yake Muhammad az-Zaghal. Imehadithiwa katika tarehe kwamba az-Zaghal alipopeleka jeshi kwenda kuisaidia Málaga, lilizuiwa njiani na watu wa mtoto wa ndugu yake. Agosti mwaka ule mji ukaanguka. Watu wake kwa maelfu wakawekewa fidia, na wengi wao wakashindwa kuilipa, wakafanywa watumwa: wengine wakabadilishwa kwa mateka wa Kikristo waliokuwa Afrika, wengine wakagawiwa kwa waliopigana vita, wengine wakauzwa. Mji uliowahi kuwachangia mateka kumi haukumpata wa kuuchangia wote.

Na uadilifu unatulazimisha tuseme na hili. Katika Málaga walikuwamo Mayahudi kiasi cha 450, nao wakawekewa fidia yao. Hao walikombolewa, kwa sababu ndugu zao wa Castilla walijikusanya wakatoa mali. Jambo jema ni jema kwa yeyote alifanyaye, na mwenye akili hujifunza kwa kila mtu.

Baada ya Málaga ikafuata Almería mwishoni mwa mwaka 1489, kisha Granada yenyewe tarehe 2 Januari 1492, sawa na mwaka 897 wa Hijria. Waislamu waliahidiwa kwa mkataba kubaki na dini yao; haikupita miaka kumi ahadi ikavunjwa. Na baina ya 1609 na 1614 vizazi vyao wapatao 300,000 walitolewa nchini, wengi wao kwa kupakiwa merikebuni kutoka bandari za Hispania.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba siku za ushindi na za kushindwa huzizungusha baina ya watu. Hakumdhulumu mtu. Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu kama anavyostahiki, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu. Mcheni Mwenyezi Mungu, enyi ndugu zangu, na jueni kwamba nyote kwake mtarejea.

Tunaposikia habari kama hizi, nafsi ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni chuki. Mhispania wa leo hakuizingira Málaga, wala hakumtoa mtu nchini. Atakayekwenda huko ataikuta misikiti inasimama upya: ule wa Marbella ulifunguliwa mwaka 1981, na wa Granada mwaka 2003, na mwaka 1992 dola ya Hispania ilitia sahihi makubaliano na Tume ya Kiislamu juu ya haki za Waislamu. Katika Almería, ndani ya kanisa la Mtakatifu Yohana, mihrabu na ukuta wa kibla wa msikiti mkuu wa zamani vimehifadhiwa mpaka leo. Basi atakayezuru mahali kama hapo na azuru kwa adabu, asipandishe sauti, asigombane na mtu katika nyumba ya ibada ya watu.

Mtego wa pili ni kujidai. Na sisi wa pwani hii tusijifanye kwamba habari za mateka ni za wengine. Minyororo iliyopita katika bandari zetu tunaijua, na waliofungwa nayo walikuwa ni binadamu wenye mama zao. Mwenye kulia kwa ajili ya mateka wa Málaga na asisahau wale waliouzwa Zanzibar.

Msafiri akipita soko la Málaga ataona jambo la ajabu. Soko hilo la samaki na mboga linaitwa Atarazanas, neno litokanalo na dar as-sinaa, yaani karakana ya merikebu. Na mlango wake ni tao la marumaru lililobaki kutoka karakana ya wafalme wa Granada. Juu yake kumechongwa ngao zenye maneno ya Kiarabu yaliyokuwa wito wa wafalme wale, ya kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Waliochonga wamekwenda, waliowashinda nao wamekwenda, na kila asubuhi watu wanapita chini ya maneno yale na makapu yao ya samaki. Wafalme wale waliyaandika katika kila ukuta. Lau wangeyaandika katika mioyo yao, mtu na ami yake wasingepigana huku mji unakufa njaa.

Ndugu Waislamu, mateka wa leo ni nani? Bahari ile ile ya Tarifa ingali inachukua watu. Mwanzoni mwa Novemba 1988 boti iliyotoka Moroko ilizama karibu na mji ule, na maiti wakatupwa ufukweni. Na tangu hapo vijana wengi wa Kiafrika wamezama katika maji hayo wakitafuta riziki. Wako Wahispania ambao kazi yao ni kutoka usiku na mashua kwenda kuwaokoa, na mlinzi wa namna hiyo, anayekaa mnarani pake, tunamwombea kheri. Lakini kijana yule hakuanzia safari yake ufukweni. Aliianzia katika nyumba fulani, mtaa fulani, mbele ya watu waliomjua, na huenda hapakuwa na mtu wa kumwuliza, mwanangu, una nini?

Na karibu zaidi yako mateka wasiovuka bahari. Yuko mgonjwa aliyepona lakini hatoki hospitali kwa sababu ya deni. Yuko mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Yuko mjane ambaye nyumba yake imeshikwa kwa mkopo alioacha marehemu. Yuko binti aliyepelekwa ng'ambo kwa kazi za nyumbani, akanyang'anywa pasi yake, na jamaa zake hawana nauli ya kumrudisha. Hao wote wanamngoja kadhi wa Málaga. Mwenyezi Mungu katika Surat At-Tawba amewataja wenye kukombolewa na wenye madeni miongoni mwa wenye haki katika Zaka. Basi haki hiyo si hisani yetu, ni mali yao iliyo mikononi mwetu.

Kwa hiyo nakuusieni mambo matatu. La kwanza, kila mtu leo arudi mnarani pake: auangalie mlango wa nyumba yake, kazi yake na amana yake, ajue ni nani anapita chini yake akimtegemea. La pili, kila msikiti uwe na daftari la waliofungwa na madeni katika mtaa wake, na baada ya sala wakae watu watatu au wanne waaminifu, kama alivyokaa kadhi yule, wachangishe hadharani na watoe hesabu hadharani. La tatu, mwenye ugomvi na ndugu yake juu ya urithi au cheo aumalize kabla ya maji kuzidi unga. Málaga haikuangushwa na njaa peke yake.

Nanyi wanafunzi, mkijaaliwa kusafiri, tembeeni kwa kuangalia. Ibn al-Baytar, mtoto wa Málaga, aliyefariki Damasko mwaka 1248, alitembea nchi nyingi akitazama majani, na kwa kutazama kwake akawaachia watu kitabu chenye dawa na vyakula zaidi ya 1,400. Rudini na kitu ambacho watu watanufaika nacho.

Ewe Mola wetu, usitufanye minara isiyo na walinzi. Ewe Mola wetu, wafungulie waliofungwa, walipie wenye madeni, waponye wagonjwa wetu, warudishe salama walio safarini nchi kavu na baharini. Wapatanishe waliohasimiana. Warehemu waliozama majini wala hakuna aliyejua majina yao, wewe unawajua. Tupe mwisho mwema, na utusamehe sisi, na wazazi wetu, na walimu wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliokufa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni atakuzidishieni. Simameni tuswali.